Mwanamuziki mpya kwenye Ultima Online

Umeuliza uanze na ujuzi upi ukitaka kuwa mwanamuziki kwenye Ultima Online, ule mchezo wa kompyuta unaochezwa mtandaoni. Musicianship, yaani ujuzi wa kupiga ala, tena mapema. Kila unapopiga ala dhidi ya adui mchezo hukupima mara mbili: kwanza kama umepiga vizuri, ndipo ujuzi wako mwingine uangaliwe. Ukiboronga hapo mwanzo, huo wa pili haufikiwi kabisa. Wengi hawalijui hili, halafu wanalalamika kwamba mwanamuziki ni dhaifu.

Kuupandisha ni kazi ya kuchosha lakini rahisi: piga ala tena na tena, hata umesimama peke yako mjini. (Majirani watakuchukia, zoea.) Tari, udi au kinubi, chochote kitafaa, ila ala huchakaa na kuvunjika, kwa hiyo beba ya akiba mkobani.

Ujuzi wa pili mimi ningechagua Provocation. Unawachonganisha madubwana wawili wakatwangana, wewe umekaa pembeni. Ukishindwa wanaweza kukugeukia wewe, basi jua mapema utakimbilia wapi. Peacemaking huwatuliza maadui na imeniokoa mara nyingi. Discordance, inayomdhoofisha adui, iache kwanza mpaka uwe na mwenzako wa kumpiga huyo adui au mnyama uliyemfuga.

Usijaribu zote tatu kwa mkupuo. Pointi zako za ujuzi wote kwa jumla zina kikomo, 700 kwa kuanzia, na ujuzi mmoja uliokomaa huchukua 100.