Mtoto wa miaka 9 mkaidi kupindukia: kwetu Uyole tulifanya hivi

Dada wa Mafinga, nimesoma ulivyoeleza: mwanao kila neno anabisha, anatupa vitu, na ndugu wanakwambia umpeleke bweni akanyooshwe. Nakuomba usimpeleke kwanza. Wangu alikuwa hivyohivyo akiwa na miaka 8.

Tulimchapa sana, na hilo linaniuma hadi leo. Kadiri tulivyochapa ndivyo alivyozidi kuwa sugu. Mwalimu wake ndiye aliyetusukuma hospitali. Daktari wa afya ya akili aliuliza hali ina muda gani, maana huwa wanaangalia kama imefika miezi 6. Ubishi wa wiki mbili tatu kila mtoto anao. Akaangalia pia usikivu, usingizi, na kama ana tatizo la kushindwa kutulia. Hilo la kutotulia lina dawa zake, lakini ukaidi wenyewe hauna kidonge maalumu. Nilienda nikitegemea mtoto atibiwe, kumbe wa kufundishwa nilikuwa mimi na baba yake.

Tulianza na dakika 10 kila jioni za mchezo anaochagua yeye, bila kumwamrisha wala kumkosoa. Alichagua kutengeneza gari la waya. Nilikaa naye kibarazani nashikilia tairi, ulimi unaniwasha kusema "siyo hivyo".

Kisha amri. Zamani nilifoka toka jikoni: "Hivi wewe maji hujaleta tu?" Sasa namfuata alipo, namtazama: "Chukua ndoo ya njano, lete maji." Nanyamaza, nahesabu moyoni hadi tano. Akinyanyuka, namsifu palepale: "Umeinuka mara moja, asante mwanangu." Asipoinuka, mpira unapanda juu ya kabati hadi kesho, bila hotuba. Ilibidi hata bibi yake tumkalishe chini, maana alikuwa anaushusha kwa siri.

Jiandae: wiki mbili za mwanzo alizidi. Alipiga teke ile ndoo ikapasuka, nusura nirudie fimbo. Nafuu niliiona mwezi wa tatu.

Sasa ana miaka 11. Kubisha bado anabisha, ila ndani ya nyumba hakuna tena vitu kuruka.

Ukiweza kufika Mbeya, pale Hospitali ya Rufaa ya Kanda ulizia kitengo cha afya ya akili. Nenda na mumeo, na uandike kwenye daftari siku anazolipuka na kilichotangulia. Daktari wetu alianzia hapo.