Tiketi ya bei nafuu na sanduku la shangazi

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza msafiri anayekwenda nje ya nchi kwa mara ya kwanza abane matumizi wapi. Naomba nianze na pale asipopaswa kubana, kwa sababu wengi wetu huku Dodoma hukimbilia kubana kwenye tiketi, na tiketi ndiyo iliyoihangaisha familia yangu.

Shangazi yangu alikuwa akienda Chennai, India, kutibiwa moyo, akisindikizwa na binti yake. Ndugu mmoja aliwakatia tiketi mbili zisizounganishwa, za mashirika mawili tofauti, Dar es Salaam hadi Dubai na Dubai hadi Chennai, kwa kuwa bei yake ilikuwa chini sana. Kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, mhudumu aliwaeleza kwamba sanduku lao lingeishia Dubai, na ili walichukue ingewalazimu kuingia nchini humo kwa viza ambayo hawakuwa nayo. Shangazi, aliyekuwa ametoka Dodoma kwa treni ya SGR siku iliyotangulia, aliketi sakafuni kando ya foleni, amekumbatia bahasha ya picha za eksirei, huku binti yake akilifungua sanduku mbele za watu. Juu kulikuwa na unga wa uwele, mlenda mkavu uliofungwa kwenye khanga, karanga na blanketi zito. Dawa zake za moyo zilikuwa chini kabisa, jambo ambalo hadi leo linaniuma, kwa maana mgonjwa hatenganishwi na dawa zake. Sisi nyumbani tulikuwa tumekwisha kuanza kuchangishana kwa simu fedha za tiketi mpya, ndipo mhudumu yule yule aliposema kwamba wakibeba mikoba ya mkononi pekee, na pasi za kupandia ndege ya pili wakiwa nazo tayari, wataweza kubadili ndege bila kutoka nje ya uwanja. Sanduku likarudi Dodoma, wao wakaenda, na wakafika.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba tiketi za namna ile zisinunuliwe kabisa. Baada ya kulisimulia jambo lenyewe, naona kilichotukwamisha ni mzigo, na kwamba hakuna aliyeuliza habari za mzigo huo kabla ya kulipa.

Hata hivyo, mgonjwa nisingemkatia tiketi hiyo tena, kwa kuwa ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili hupotea na nauli yake, na hakuna wa kumdai. Wala nisingeikata kabla viza haijatoka. Balozi nyingi bado ziko Dar es Salaam ingawa makao makuu ya nchi ni hapa, hivyo mtu wa huku hulipa nauli na malazi kabla hata hajakubaliwa. Pasipoti nayo ni shilingi 150,000, na nchi nyingi hutaka iwe bado na uhai wa angalau miezi 6. Chanjo ya homa ya manjano, kwa nchi zinazoidai, ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika huko.

Lakini kijana mwenye afya anayekwenda Afrika Kusini, ambako Mtanzania haombi viza kwa ziara isiyozidi siku 90, ningemkatia tiketi hizo za bei nafuu leo hii, mradi begi lake liwe la kubeba mgongoni na muda kati ya ndege na ndege uwe wa kutosha.