Kabla hujapiga Windows tena

Kompyuta ya mwalimu mmoja wa Mikindani ilirudi kwenye meza yangu mara tatu ndani ya mwezi. Kila mara nilifanya nilichokijua: nikapiga Windows upya, nikapokea elfu ishirini. Mara ya tatu aliniambia taratibu, "Mwanangu, hela niliyokupa si ningeshaongezea nikanunua nyingine?" Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Usiku ule nikafungua PDF iliyokaa kwenye flashi yangu tangu chuo: Operating Systems: Three Easy Pieces, kitabu cha mifumo endeshi (programu kuu kama Windows inayoendesha kompyuta), cha Remzi na Andrea Arpaci-Dusseau, walimu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Wenyewe wanaitoa bure kwenye intaneti. Sikuanza ukurasa wa kwanza, nilikwenda moja kwa moja kwenye sura za kumbukumbu, yaani RAM.

Kumbe mfumo endeshi huikata kumbukumbu vipande vidogo, mara nyingi vya baiti 4,096, navyo vinaitwa kurasa. RAM ikijaa, baadhi ya kurasa huhamishiwa kwenye diski. Programu ikizitaka, zinarudishwa na nyingine zinatolewa. Ni kama mbangua korosho mwenye kijimeza cha kilo moja, gunia lake liko ghalani mtaa wa pili. Awe na mikono myepesi vipi, jua litazama yuko njiani. Na njia yenyewe ndefu: diski ya kuzunguka hutumia milisekunde kadhaa kufikia data, wakati RAM ni nanosekunde mia hivi.

Asubuhi niliiwasha mashine ya mwalimu, safari hii nikaitazama tu. Taa ya diski haikupumzika hata kidogo. RAM gigabaiti 2, kivinjari kina tabo kumi na mbili. Windows haikuwa na kosa lolote, mwenye kosa alikuwa fundi. Nikamwongezea RAM niliyoichomoa kwenye laptopu mbovu, na sikumtoza.

Kwa hiyo wewe fundi mwenzangu wa Ligula, Masasi au Nachingwea, vitabu hivi viingie ukiwa na swali mkononi, la sivyo utasinzia. Kurasa tano kwa usiku zinatosha. Kiingereza chake kinachosha. Mimi nina daftari ambalo kila dhana naiandika upya kwa Kiswahili, na nikishindwa kuiandika najua sijaielewa. Kitabu cha zamani usikidharau. Cha Andrew Tanenbaum, nacho cha mifumo endeshi, kilitoka 1987, na Linus Torvalds alikisoma kabla ya kuanza mfumo endeshi wa Linux mwaka 1991.

Halafu soma na mashine pembeni. Kwenye Linux andika amri ya vmstat 1, fungua programu nzito mojamoja, kodolea macho safu ya "si" (zinazorudi RAM kutoka diski) na ya "so" (zinazokwenda diski). Zikitoka kwenye sifuri na kuendelea kupanda, kurasa zinasafiri mbele ya macho yako. Hapo sura nzima inakuingia kwa dakika mbili. (Sura za mfumo wa faili bado zinanitoa jasho, siwadanganyi.)

Mwalimu alirudi tena baada ya miezi miwili. Nikashtuka. Alikuwa ameleta printa.