Maswali ya Wasomaji: Miaka minne ya sheria, kisha?

SWALI: Asalaam aleikum. Binti yangu amepata C+ kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Kiswahili ana B, Kiingereza C+. Anataka kusomea sheria, lakini jirani asema hiyo C+ ya Kiingereza imeshamfungia mlango. Na je, akimaliza miaka minne atakuwa wakili?
Mama mzazi, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Jirani amekosea. Kinachotakiwa ni wastani wa C+, pamoja na B ya Kiingereza au Kiswahili. Hiyo “au” ndiyo inayombeba binti yako. Ila atafundishwa kwa Kiingereza, basi aanze mapema kusoma hukumu za mahakama. Ziko bure mtandaoni. Kabla ya kulipa karo, ulizeni Baraza la Elimu ya Sheria kama kampasi yenyewe ina leseni ya kufundisha sheria. Jina kubwa la chuo lisiwatoshe.

Miaka minne itampa digrii tu. Uwakili unaanzia Kenya School of Law, Karen, Nairobi: masomo tisa na mtihani wa Baraza, kisha miezi sita chini ya wakili aliyefanya kazi si chini ya miaka mitano, ndipo huapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Karo hiyo, na kodi ya chumba Nairobi, ianze kuwekwa sasa.

Mtihani huo huangusha hata waliokesha, kwa sababu walikariri. Chukulia swali la nyumba bila ardhi kule Majengo, yaani nyumba ni ya mtu na kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi: kiwanja kimeuzwa, mwenye nyumba kapewa notisi ahame. Mkariri atamwaga kila ajualo kuhusu ardhi. Anayepata alama huuliza: kodi ya kiwanja ililipwa hadi lini, na risiti zipo? Makubaliano yaliandikwa? Notisi ni ya muda gani? Kisha hutaja kifungu na kukibandika kwenye jibu la kila swali.

Asipotaka uwakili, digrii haiozi: mikataba kwenye kampuni za kliaringi na fowadingi (zinazotoa na kusafirisha mizigo ya bandarini), madai ya bima ya mizigo, benki, mashirika ya haki.

SWALI: Nikiwa na digrii ya sheria naweza kuwa kadhi?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Digrii hiyo pekee haitoshi. Kifungu cha 170 cha Katiba chataka Muislamu mwenye elimu ya sheria ya Kiislamu itakayoiridhisha Tume ya Huduma za Mahakama.