Ditekta kuukuu isiyo na jina: kagua koili kabla hujatoa pesa

Tangu bei ya dhahabu ipande, hapa Tabora ditekta za zamani, mashine za kutafutia vitu vya metali ardhini, zimeanza kutoka mavunguni. Nyingine ziliachwa na wazee waliofanya kazi na watafiti wa madini, nyingine zimekuja na mtumba. Majina yake wengi hawajawahi kuyasikia: Jetco ya El Paso, Texas, Compass ya Forest Grove, Oregon, C-Scope ya Kent, Uingereza. Nyingine kibandiko kimeshababuka, hujui hata imetoka nchi gani. Mimi ni fundi redio, na vijana wa machimbo ya Nzega huniletea mashine hizi kabla au baada ya kununua. Afadhali kabla.

Jina lisikutishe wala lisikuvutie. Uliza imejengwa kwa mfumo gani. Za zamani zaidi ni BFO: ndani mna osileta mbili, yaani saketi za kutoa mawimbi, moja imetulia na nyingine inategemea koili, ile sahani ya nyuzi iliyo mwisho wa mpini, na mlio unaousikia ni tofauti ya hizo mbili. Zikafuata TR, ambazo koili moja inatuma na nyingine inapokea. Miaka ya 1970 zikaenea VLF, zinazotumia mawimbi ya masafa ya chini, zenye kitufe cha kusawazisha ardhi, na kwetu kitufe hicho ni kila kitu. Udongo wetu mwekundu una chuma kingi. TR isiyosawazisha ardhi italia kila unapoinua au kushusha mkono, na utachimba mashimo ya bure mpaka jioni.

Sasa koili. Hapa nakusihi usiwe na haraka. Washa mashine, ishike koili hewani, gonga mgongo wake kwa kidole, kisha kunja waya taratibu pale unapoingilia kwenye koili. Mlio ukikatika au ukikwaruza, waya umechoka kwa ndani, na hilo linatengenezeka. Kinachoniumiza ni koili ya TR iliyopasuliwa na mtu aliyetaka kuona kuna nini. Nyuzi zake mbili zimepandana kwa kipimo kiwandani, zikamwagiwa gundi ngumu zisisogee. Zikihama hata milimita moja, ule utulivu wa mashine pasipo na metali karibu haupo tena, na kiwanda kikiwa kimeshafungwa utapata wapi nyingine? Koili ya TR iliyofunguliwa, rudisha mashine kwa mwenyewe.

Betri zilizovuja zisikukatishe tamaa. Betri za alkalini zikivuja, ule unga mweupe unatoka kwa siki kidogo kwenye pamba. Betri za kawaida zisizo za alkalini zinataka maji ya magadi. Kausha, kisha piga msasa. Ila kabla ya kuweka betri mpya hakikisha chanya na hasi, maana baadhi ya mashine zenye transista za jemanium zimeunganishwa chanya kwenye chasisi, kinyume na tulivyozoea. Ukigeuza, transista zinakufa, na kuzipata leo ni shida.

Ukijaribu, usitumie sarafu ya shilingi 500. Ile ni chuma kilichopakwa nikeli, inanasa kwenye sumaku. Tumia pete ya dhahabu au kipande cha shaba, na msumari wa kulinganishia. Fanyia majaribio ardhini, si juu ya meza ya muuzaji. Kama ni BFO, iache juani kwanza ipate joto la mahali, ndipo uityuni, vinginevyo mlio utahama wenyewe. Na ujue kwamba dhahabu ya unga iliyo ndani ya mwamba hakuna ditekta ya namna hii itakayoiona. Hizi ni za vipande.

Wauzaji wengi watakutajia mali ya Mjerumani iliyofukiwa ardhini. Ni kweli kwamba mwaka 1916 Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 hapahapa Tabora, kwenye karakana ya reli, zenye picha ya tembo. Lakini sarafu ile ina gramu 7 hivi, na BFO kuukuu huiona kwa kina kisichofika hata shubiri. Anayekuambia mashine yake inaona sanduku mita kumi chini anakuibia. Tena kuchimbua vitu vya kale bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na dhahabu nayo ina leseni yake ya uchimbaji mdogo. Ukikuta kitu chenye umbo la kombora, usikiguse, ita polisi.

Ukishainunua, ifungue kasha, si koili. Piga picha bodi pande zote mbili, andika namba za transista na rangi za kila waya kwenye daftari, kisha chora saketi yake. Mashine za viwanda vidogo hazina michoro popote, na fundi atakayeishika baada yako ataanzia kwenye daftari hilo.