Gramu 64 za salfa: usizidishe kwa 8 kabla hujajua umeshika nini

Mkuu, umeuliza gramu 64 za salfa zina atomi ngapi, ukaweka na hesabu yako: ifute kabla hujaikabidhi. Gramu 64 umegawa kwa 32, yaani gramu za moli moja (chembe 6.02 × 10²³) ya atomi za salfa, ukapata moli 2, halafu "kwa kuwa salfa ni S₈" (molekuli ya atomi 8) ukazidisha kwa 8 zikawa moli 16 za atomi? Nimesoma mistari yako nikadhani umeliokota daftari langu la zamani.

Moli 16 za atomi za salfa ni gramu 512. Wewe umeanza na 64. Hizo 448 zimetoka wapi, zimezaana usiku?

Mimi niliandika hivyo hivyo kwenye mtihani, tena swali lenye vipengele vinne vinavyotegemeana. Kosa la kipengele (a) likatambaa mpaka (d). Nikatoka kifua mbele, nawacheka wenzangu eti wamesahau kuzidisha kwa 8. Matokeo yalipotoka nilibadilisha njia ya kurudi nyumbani.

Aliyenipoteza ni mwalimu wa tuisheni aliyetukaririsha: "Ukiona salfa, zidisha kwa 8." Basi, kaishia hapo! Unazidisha nini, hakusema. Na ada alichukua kamili.

Molekuli ya salfa ni pete ya atomi 8. Hiyo 8 inakutoa kwenye idadi ya molekuli kukupeleka kwenye idadi ya atomi, haina kazi nyingine. Ukigawa kwa 32 umeshahesabu atomi tayari. Pete umeivunja, huwezi kuivunja tena. Ukitaka kupitia molekuli, gawa kwa 256 (32 × 8, gramu za moli moja ya S₈), upate moli 0.25 za S₈, hapo sasa ndipo uzidishe kwa 8: moli 2 za atomi. Mara 6.02 × 10²³, ni atomi 1.204 × 10²⁴.

Kwa hiyo usiandike "moli" bila kutaja ni za nini. "Moli 2 za atomi." "Moli 0.25 za S₈." Ukiandika "moli 2" tupu, 8 itaingia bila hodi. Mimi naandika hivyo hata kwenye karatasi ya rafu, watu wanacheka, wacheke.

Uliuliza pia rombiki na monokliniki, zile aina mbili za fuwele za salfa. Zote ni pete zile zile, mpangilio tu ndio tofauti, hesabu haiguswi. Na lile la salfa iliyoyeyuka kuwa nzito ukizidi kuipasha, atakuja mwingine akujibu. Wewe rekebisha kwanza mstari wa pili, ule wa kuzidisha kwa 8.