Muulize Fundi: Gofu la Mikindani na hekalu la Frimasoni

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni bodaboda hapa Mikindani. Kuna gofu moja la mawe, mlango wake umechongwa maua kama nyota, na mnyororo kuzunguka fremu. Vijana wa kijiweni wanasema lilikuwa hekalu la Frimasoni, eti ndani sakafu ni nyeusi na nyeupe. Binamu yangu wa Lindi alitumiwa ujumbe ajiunge nao awe tajiri, akatuma elfu sabini, mpaka leo kimya. Hao watu wana majengo ya namna gani hasa? Na hili letu ni lao?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe pole binamu, nitamrudia.

Jumamosi nilipanda daladala ya kwanza kutoka Mtwara mjini nikaja kulitazama gofu lenu, timazi, ule uzi wa kupimia wima wa ukuta, mfukoni kwa mazoea tu. Nianze na sakafu. Niliifagia kwa kandambili, nikakuta kweli miraba nyeusi na nyeupe, nane kwa nane, na vizibo vya soda vimelala pembeni. Hiyo ni drafti. Mtu kaichora kwa makaa na chokaa apate kucheza kivulini.

Mlango ni mzuri, na mchwa wameshaanza kuula kwa chini, jambo lililoniuma kuliko uvumi wenu. Maua ya duara na mnyororo ni nakshi utakazozikuta Lamu, Unguja na Bagamoyo, kwenye nyumba za wafanyabiashara walioswali swala tano.

Lakini kilichonimalizia ubishi ni upana wa chumba: futi tisa na inchi nne. Nyumba za matumbawe za pwani hii dari yake hubebwa na boriti za mkoko, na upana wa chumba hauwezi kupita urefu wa boriti. Ndiyo maana vyumba vya wazee wetu ni virefu na vyembamba kama jahazi. Frimasoni hawaenei humo. Wao hukaa kuzunguka kuta, katikati panaachwa wazi, na hapo ndipo penye ile sakafu ya miraba, kwa hiyo vijana wako walisikia nusu ya ukweli. Mkuu wao hukaa mashariki. Wasaidizi wake wawili hukaa mmoja magharibi na mwingine kusini. Kaskazini hapana kiti cha kiongozi, kwa kuwa wanauhesabu upande wa giza. Kwao Uingereza sawa, jua la mchana halipiti huko. Kwetu jua la Juni hupita kaskazini, na kibla ya Mikindani iko karibu kaskazini kabisa! Nimeona zidaka, vile vishubaka vya ukutani, mle ndani. Mwenye nyumba aliyeweka Msahafu wake pale asingekubali kuambiwa huko ndiko gizani.

Jina lao lenyewe wamelichukua kwetu sisi mafundi: waashi huru. Waashi wa mawe wa Ulaya walikuwa na banda kando ya ujenzi, pa kuchongea mawe, kulia chakula na kuwekea zana. Banda hilo ndilo loji. Baadaye wakaingia mabwana ambao hawajawahi kushika mwiko, zana zikabaki mafumbo ya tabia njema. Mkuu huvaa alama ya skwea, kile kipimo cha pembe, msaidizi wa kwanza pimamaji, kipimo cha usawa, wa pili timazi. Ngazi zao ni tatu: mwanagenzi, fundi, bingwa. Ukumbini huwekwa jiwe ghafi na jiwe lililochongwa likanyooka, kwamba mtu naye achongwe hivyo. Mimi wanagenzi wangu niliwaambia maneno hayo hayo juani, bila aproni yao ya ngozi ya kondoo.

Kwa hesabu yao, loji nne za London, maana vikundi vyao navyo huitwa loji, ziliungana tarehe 24 Juni 1717, na ziliungania baa. Ukumbi wao wa kwanza katika mtaa wa Great Queen Street ulifunguliwa mwaka 1776. Uliopo sasa mtaani hapo ulijengwa kati ya 1927 na 1933 na wasanifu Ashley na Newman, uwe kumbukumbu ya wanachama 3,225 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Ukumbi mkubwa wa ndani unakalisha watu 1,700. Mlango wake ni wa shaba nyeusi, kila bawa tani moja na robo. Kama fundi, swali langu la kwanza ni bawaba zake.

Mifupa ya jengo hilo ni chuma cha ujenzi, ndiyo maana ukumbi unaweza kuwa mpana bila nguzo katikati. Nje limevishwa mawe ya Portland, pwani ya kusini ya Uingereza. Umeliona neno hilo kwenye mfuko wa saruji? Mwaka 1824 mwashi wa Leeds, Joseph Aspdin, aliipa saruji yake jina hilo kwa kuwa ikikauka ilifanana na mawe hayo. Na mawe yenyewe ni chokaa iliyoganda chini ya bahari ya kale, ndugu wa mbali wa matumbawe ya gofu lenu.

Kuhusu siri, sisi watu wa Kusini hatuna haki ya kushangaa sana. Nani hapa hakupita jandoni? Nasi tuliingia kumbi, kile kibanda cha jando, tukafundishwa ya kutosemwa mbele ya ambao hawajaingia, na siku ya kutoka kumbi letu likachomwa moto nyuma yetu, tukakatazwa kugeuka. Wao kumbi lao wamelijenga kwa mawe, na siku hizi watalii hutembezwa ndani.

Dar es Salaam wana ukumbi wao, na marehemu Sir Andy Chande, mfanyabiashara wa Tanzania aliyefariki 2017, aliwahi kuwaongoza Afrika Mashariki nzima wala hakuficha. Sasa binamu. Frimasoni anayeingia ndiye hutoa ada, mwaka hadi mwaka, na hakuna anayekabidhiwa utajiri. Aliyemwandikia ni tapeli. Apeleke namba ile polisi, na asitume pesa nyingine ya "kukomboa" ya kwanza, maana wataiomba.

Nimesikia pale kijiweni kwamba mwenye gofu anataka kulikarabati. Mwambie asipige plasta ya saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu chini na kuutoa pembeni. Saruji huuziba, chumvi hubaki ndani, na baada ya masika chache plasta huanguka na mawe yake. Atumie chokaa iliyoloweshwa vizuri, na mchanga uliooshwa, si ule wa ufukweni kama ulivyo. Na ule mlango aung'oe kwanza, auegemeze mahali pakavu kabla mchwa hawajafika kwenye maua.